Kikao Kilichowahi

Usihangaike kuitafuta Subirini kwenye ramani. Haimo, na serikali yake imeshatoa tamko kwamba kosa ni la ramani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina mkasi. Mkasi wa Taifa, ule wa kukatia utepe, hukaa ndani ya sanduku la mninga pale Ikulu na hutolewa mara moja tu kwa mwaka, Siku ya Shukrani, wananchi wanapomshukuru Mtukufu Rais kwa yale anayokusudia kuwafanyia. Kitu ambacho hakikuzinduliwa siku hiyo kinangoja mwaka mwingine. Tumezoea.

Mtukufu Rais hachelewi. Nalisema hili mapema ili tusije tukakosana. Akitarajiwa saa nne asubuhi, akafika saa tisa alasiri, fundi wa mnara hupanda ngazi na kuirudisha saa ya mji hadi saa nne kamili, na watoto wa shule waliosimama juani tangu alfajiri huambiwa kwamba waliwahi mno. Kitu kimoja tu kimemshinda fundi yule, nacho ni jua. Sheria ya Bendera inasema bendera hushushwa jua likizama, na bendera ikishushwa hakuna utepe unaokatwa. Likumbuke hilo jua. Tutalihitaji.

Mimi naitwa Mama Sikudhani. Nina stashahada ya uwezeshaji wa vikundi kutoka chuo cha serikali, imewekewa fremu na kutundikwa ukutani juu ya jokofu, mahali ambapo kila anayetaka maji baridi lazima aione. Nyumbani kwangu hakuna kikundi. Nyumbani kwangu kuna mimi.

*

Mwaka jana Wizara ya Afya Njema ilitangaza kwamba zahanati ya mtaa wetu, Mtaa wa Bondeni, imefanya kazi nzuri kiasi cha kustahili kuhifadhiwa. Ingefanywa Makumbusho ya Huduma za Afya. Vitanda vingewekwa nyuma ya vioo. Wagonjwa wangetengenezwa kwa nta, maana wagonjwa wa kweli wana tabia ya kulalamika, na wengine hupona bila kutoa taarifa. Nesi Perpetua, ambaye amezalisha nusu ya mtaa, alipandishwa cheo kuwa Kielelezo Mwandamizi: angesimama ndani ya kioo ameshika bomba la sindano kuanzia asubuhi hadi alasiri, akiwa na ruhusa ya kukohoa.

"Na wajawazito?" nikamuuliza.

"Watanitazama," akasema. "Kiingilio ni bure kwa wenye mimba."

Hospitali nyingine iko nyuma ya Mlima Kijiti, mwendo wa nusu siku juu ya lori la kokoto. Mwanangu Sikudhani alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, miguu imemvimba kama mihogo. Nikamtazama yeye, nikautazama mlima, nikalifikiria lori. Halafu nikafanya jambo ambalo raia wa Subirini hulifanya akiwa amekata tamaa kabisa. Nikasoma Katiba.

Katiba yetu ni bora kuliko zote duniani. Tumeambiwa hivyo na walioiandika. Inasema wananchi wanaweza kuamua jambo lolote wenyewe, moja kwa moja, kwa kunyoosha mikono, bila mbunge wala waziri, mradi tu wawe kikundi chenye lengo na muundo vilivyopitishwa na wanachama. Tangu uhuru hakuna kikundi kilichofanikiwa kuwa na vyote viwili. Serikali husikitika sana kuhusu hilo kila mwaka.

Mtaani kwetu kikundi kilikuwapo. Kiliitwa Kikundi cha Kujiamulia, na kilikutana kila Alhamisi kwenye mabenchi ya kungojea daktari, hapohapo zahanati, kwa kuwa Wizara ya Usikivu huruhusu mikutano ya raia kwenye majengo ya umma yenye mabenchi tu. Mwanzilishi wake alikuwa Mwalimu Machumu, mwalimu mstaafu wa jiografia, ingawa ole wako umwite mwanzilishi. Hakutaka mwenyekiti, hakutaka katibu. "Ukimweka mtu mbele," alikuwa akisema, "wengine wote umewaweka nyuma." Yeyote aliyekalia benchi alikuwa mwanachama, pamoja na waliokuja kupima malaria. Wote walikuwa watu wa kujitolea, na kama walivyo watu wa kujitolea, hakuna aliyeweza kufukuzwa.

Wakasikia nina stashahada. Wakaniomba niwasaidie kupata lengo na muundo kabla ya Siku ya Shukrani, ili tupige kura ya kuyazuia yale makumbusho. Hawakuniomba niwaamulie. Waliniomba niwawezeshe kuamua. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo niliyokaa chuoni kuisomea.

*

Alhamisi ya kwanza nilichelewa. Maharage yalikuwa hayajaiva, na maharage hayana habari na demokrasia. Nilifika nahema, bango kitita la kuandikia limenining'inia begani, mfuko wa kadi za rangi mkononi, nikawakuta wanasimama kuondoka.

"Karibu, shoga, tumeshamaliza," akasema Bi Mwantumu, akijifunga khanga vizuri. Bi Mwantumu huuza vitumbua mbele ya geti la zahanati, na mdomo wake una moto kuliko chuma chake cha kuchomea. "Lengo: zahanati ibaki. Muundo: mwenye miguu aende wizarani, mwenye mdomo aseme, mwenye vitumbua awape wale njiani. Wote wamenyoosha mikono. Rudi kapike."

Nikasimama pale mlangoni. Msomaji, kama ningekuwa mtu wa maana, ningesema "Alhamdulillahi" na kurudi kwenye maharage yangu, na hadithi hii ingeishia hapa.

"Mmetumia kadi?" nikauliza.

"Kadi gani? Za kliniki?"

"Kadi za rangi. Njano kwa matumaini, kijani kwa rasilimali, waridi kwa hofu. Lengo haliwezi kutoka hivihivi mdomoni. Lazima lishirikishe. Na mimi sauti yangu mbona haimo? Mmeamua bila mimi. Huo ni ushirikishwaji huo?"

Mwalimu Machumu alishtuka kama mtu aliyeambiwa amekanyaga kaburi. "Ndugu mwananchi ana haki," akasema. "Tumemwacha nyuma."

"Amechelewa!" akasema Bi Mwantumu.

"Hakuna mwananchi anayechelewa, ndugu mwananchi," akasema Mwalimu. "Ni kikao kilichowahi."

Lo, nililipenda neno lile! Nililiandika palepale kwenye bango kitita kwa kalamu nyekundu, na chini yake nikaandika kanuni: *Mtu yeyote akiingia baada ya kikao kuanza, kikao kinaanza upya, naye anaelezwa kila kitu tangu mwanzo.* Nikaomba mikono. Ikanyooshwa yote, hata wa Bi Mwantumu, aliyesema ananyoosha ili aende nyumbani. Tukakubaliana pia kwamba hakuna jambo litakalohesabiwa kuwa limepita mpaka mimi, mwezeshaji, niseme neno "Imepita". Nikalisema, kwa sauti ya chuoni.

Hilo ndilo azimio pekee ambalo Kikundi cha Kujiamulia kimewahi kulipitisha kwa kauli moja nikiwepo. Lile la zahanati tukalifuta, tulianze vizuri.

*

Serikali nyingine hutuma askari. Yetu ina bajeti ndogo. Alhamisi ya pili tulikuwa tumefika pazuri, kadi zimejaa ukutani, lengo limeandikwa, mikono imeanza kupanda, tukasikia mlangoni: "Hodi!"

Akaingia bwana mmoja mnene, shati jeupe, uso wa mtu anayekwenda kupokea mgeni. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akamwuliza kila mtu habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na akangoja majibu.

"Mimi naitwa Kasimba," akasema. "Natoka Wizara ya Usikivu, Idara ya Uchelewaji. Samahani, nimewakuta mbali?"

"Hujachelewa, ndugu mwananchi," akasema Mwalimu Machumu, macho yakimng'aa. "Ni kikao kilichowahi."

"Nimesikia habari hiyo. Ni kanuni nzuri sana. Wizarani tumeisoma kwa pamoja." Akatoa karanga mfukoni, akazipitisha. "Basi nielezeni tangu mwanzo. Polepole. Mimi si mwepesi wa kuelewa."

Kweli hakuwa mwepesi. Alitaka kujua kwa nini kadi ya hofu ni ya waridi. Alitaka kujua kama lengo ni kitu tunachokwenda nacho au tunachokikuta. Lilikuwa swali zuri. Mwalimu Machumu alilijibu hadi Nesi Perpetua akatutoa nje ili afunge mlango.

Alhamisi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata pia, na kila mara "Hodi!" yake ilifika mikono ikiwa hewani. Hakuwahi kutukatisha wakati tukibishana. Alikuwa na adabu.

"Huyu mtu mfungieni mlango," akasema Bi Mwantumu.

"Demokrasia ya mlango uliofungwa?" Mwalimu akashika kichwa.

"Basi tuifute hiyo kanuni."

"Ili tuifute," nikaeleza, "inabidi tumalize kikao."

"Na ili tumalize kikao?"

"Inabidi tuifute."

Bi Mwantumu akanigeukia. "Shoga," akasema, "ulisoma miaka mingapi?"

"Miwili."

"Afadhali hawakukuongeza."

*

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Sikudhani alikuwa amefikia hatua ya kuegemeza sahani juu ya tumbo. Nilikuwa nikimweleza Alhamisi ile ilivyokwenda, jinsi tulivyogawanyika vikundi vitatu vidogo kujadili kama tuwe na vikundi vidogo, naye akaweka kijiko chini.

"Mama, leo tunakula nini?"

"Mchicha."

"Nani kaamua?"

"Nani kaamua nini? Nimenunua mchicha, tunakula mchicha."

"Kesho?"

"Dagaa. Una nini wewe?"

"Sina kitu. Nakaa nakutazama tu. Humu ndani tangu nizaliwe sijaona kura hata ya chumvi. Ukisema tunalala, hata paka analala. Ukifika kule mabenchini unakuwa malaika. 'Ndugu mwananchi unaonaje, ndugu mwananchi jisikie huru.' Mama, hawa watu walishaamua! Waliamua maharage yakiwa jikoni. Wewe ndiye uliyeenda kuwaamsha." Akashika kiuno. "Mimi mlimani kwenye lori siendi. Nakwambia mapema. Nitazaa hapahapa juu ya stashahada yako."

Nilitaka kumwambia kwamba mchakato una thamani yake. Nikaona tumbo lake linacheza peke yake, upande wa kushoto, kama kuna mtu anayebisha hodi. Nikamwongezea mchicha. Usiku ule nilikata shauri kwamba Siku ya Shukrani kikao kitaanza asubuhi sana, Kasimba hajaamka, na tutamaliza hata kama ni kwa kuwachapa na mwiko.

*

Siku ya Shukrani ilipambazuka na utepe. Ulifungwa mlangoni pa wodi ya wazazi, mwekundu, una fundo kama kilemba. Mabenchi yetu yalikuwa yakiutazama. Wale wagonjwa wa nta walikuwa wameshaletwa, wamelazwa ukumbini wakingoja kupewa vitanda, na nyuso zao zilikuwa na nafuu kubwa. Vioo tu havikuwa vimefika. Vilikuwa bandarini vikisubiri sahihi. Kwa hiyo Nesi Perpetua bado alikuwa akitembea.

Ikawa heri. Alfajiri ile Sikudhani alikuwa ameamka ameloa, akaniambia neno moja, "Leo." Nilimpitisha chini ya utepe, ameinama, ananitukana kwa sauti ya chini, Nesi akampokea.

"Kaa naye," nikasema. "Mimi nina kikao."

"Kakae na kikao chako," Sikudhani akasema kutoka ndani. "Mimi nina kazi."

Kasimba alikuwa ameshafika kabla yetu. Alikuwa akisimamia mapambo, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza alikuwa ndani kikao kikianza. Hakukuwa na wa kuchelewa! Nilizikunja kadi zote nikazitia mfukoni. Nikasema, "Lengo: zahanati ibaki. Nani ana neno?" Mwalimu Machumu alikuwa na neno, kisha akawa na lingine juu ya lile la kwanza, na la tatu la kuyapatanisha hayo mawili. Mchana ukapita katikati ya maneno ya Mwalimu. Lakini alimaliza. Wallahi alimaliza! Mikono ikapanda. Nikavuta pumzi niseme "Imepita."

Ving'ora. Milango ya magari. Mtukufu Rais akaingia.

Alitarajiwa saa nne asubuhi. Ilikuwa imeshapita saa tisa alasiri, na kupitia dirishani nilimwona fundi wa mnara ameshafika katikati ya ngazi.

Watu wote waliinamisha vichwa isipokuwa Mwalimu Machumu. Yeye alisimama, akanyoosha mkono kuelekea benchi, akasema kwa furaha ileile ya kila Alhamisi: "Karibu, ndugu mwananchi! Tunaanza upya."

Walinzi walishika viuno vyao. Kasimba akakimbilia mbele. "Mtukufu, msamaha! Hawa ni kikundi cha raia, wako kikaoni. Katiba inakataza kuvunja kikao cha raia. Wana kanuni yao... anayeingia baada ya kikao kuanza..."

"Amechelewa?" akauliza Rais, kwa upole ule ambao mawaziri wawili hawajaonekana tangu wausikie.

"Hapana, Mtukufu! Hapa hakuna anayechelewa. Wanasema ni kikao kilichowahi."

Mtukufu Rais akatazama huku na huku. Nadhani hakuwahi kusikia jambo la busara kama hilo katika utawala wake wote. "Hakuna anayechelewa," akarudia. Akaketi kwenye benchi la kupima uzito wa watoto. "Hatimaye watu wenye adabu. Nielezeni tangu mwanzo."

Nikaeleza. Nilipokaribia mwisho akaingia Waziri wa Afya Njema, kwa kuwa Subirini hakuna anayethubutu kufika kabla ya Rais; hufika nyuma yake, mmoja mmoja, kwa vyeo. Tukaanza upya. Akaingia Waziri wa Usikivu. Tukaanza upya. Akaingia mkuu wa majeshi, mke wa Rais, mshika mwavuli. Kila mara Rais alijipiga kofi pajani: "Hujachelewa! Mwelezeni!" Na kutoka nyuma ya utepe nilikuwa nikisikia sauti ya mwanangu, mara iko juu, mara imezama, na sauti ya Nesi Perpetua ikisema, "Bado, mama, bado, ngoja nikwambie," kama vile naye anaendesha kikao.

Nilikuwa mahali pawili, na sikuwa na faida hata mahali pamoja.

*

Jua lilikuwa limeshagusa bati la nyumba ya jirani wakati Kasimba aliponong'ona na Rais. Kisha akaenda mlangoni, akaufunga, akapitisha mpini wa dekio kwenye vishikio. Hakuna wa kuingia tena. Hakuna aliyeijua kanuni yetu kuliko yeye. Aliila pamoja na karanga.

"Ndugu wananchi," akasema Rais akisimama, "nimefurahishwa. Marais wenzangu hukata utepe kwa amri. Mimi nitaukata kwa ombi la raia wenyewe, moja kwa moja. Mnatafuta lengo? Nawapa lengo. Lengo la kikundi hiki ni kuikabidhi zahanati hii kwa makumbusho, kwa moyo mkunjufu. Wanaokubali?"

Yeyote aliyekalia benchi ni mwanachama. Mawaziri walinyoosha mikono, wengine miwili miwili. Mkuu wa majeshi akanyoosha, mshika mwavuli akanyoosha mwavuli. Upande wetu tulikuwa wachache, nao wagonjwa wa nta hawakunyoosha kitu, lakini Kasimba aliwahesabu kuwa hawana pingamizi.

"Muda, Mtukufu," akasema, akitazama dirishani. Nje, askari wa bendera alikuwa ameshashika kamba. Mkasi wa Taifa ulitolewa kwenye sanduku. Wote wakageuka kunitazama mimi.

"Mwezeshaji," akasema Kasimba taratibu, "limebaki neno lako."

Bi Mwantumu alinishika mkono. "Shoga, zimia," akasema. "Anguka tu."

Ningependa kukwambia kwamba niliwaza jambo la kishujaa. Niliwaza kwamba mchakato umefuatwa. Ndiyo, hata pale! Kichwani mwangu kulikuwa na mwalimu wangu wa chuo akiniambia mwezeshaji hana upande. Nikafungua mdomo.

Na mtoto akalia.

Alilia kutoka nyuma ya utepe, kilio kipana chenye hasira, cha mtu aliyeamshwa na kelele za watu wasiomaliza mazungumzo. Mlango wa wodi ukafunguliwa. Nesi Perpetua akainama, akapita chini ya utepe, kifurushi cha khanga kifuani.

"Wa kike," akasema. "Mama yake mzima. Anauliza kama mmemaliza."

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mwantumu, Mungu ambariki na chuma chake.

"Huyo ni nani?" akauliza kwa sauti ya kutangaza.

"Mjukuu wangu," nikasema.

"Sikuulizi ukoo. Ni mwananchi si mwananchi?"

"Mwananchi," akasema Mwalimu Machumu, akianza kuinuka.

"Kaingia kikao kikiwa kimeanza au hakijaanza?"

"Ndugu zangu," Kasimba akasema haraka, "mlango umefungwa. Hajaingia, ametokea ndani."

"Kanuni haisemi mlango," akasema Mwalimu. Sauti ilikuwa ikimtetemeka kwa furaha. "Inasema *akiingia*. Na huyu, ndugu mwananchi Kasimba, ameingia kuliko sisi wote."

"Mtoto huyu amechelewa!" Kasimba akapaza sauti. "Mtukufu, kikao kimeisha, huyu amechelewa!"

Alipolisema tu akajua. Nilimwona uso ukimshuka kama bendera.

Mtukufu Rais alimtazama mtoto. Akatazama nje, mnarani, ambako fundi alikuwa bado ameishikilia mishale kwenye saa nne kamili asubuhi kwa heshima yake. Akawatazama mawaziri, walioanza kutazama viatu. Kama mtoto wa dakika moja amechelewa, yeye aliyetarajiwa asubuhi alikuwa nini? Alilipima jambo hilo kwa muda, na kila pumzi aliyovuta lile jua lilikuwa likiteremka.

"Hapa," akasema mwishowe, "hakuna anayechelewa."

"Ni kikao kilichowahi!" tukaitika.

"Mwelezeni," akasema Rais. "Tangu mwanzo."

Nikamchukua mjukuu wangu, nikamweka mbele ya bango kitita, nikamweleza. Nakwambia, sijawahi kuwezesha vile. Mtu yule hakujua chochote. Haikuwa haki kumrukisha hatua. Nilianzia uhuru wa Subirini. Mwalimu Machumu akaona hapo ni katikati, akaomba aanzie mabara na bahari. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye pepo za kusi wakati tarumbeta ilipolia nje, na bendera ikashuka.

Mkasi ukarudishwa sandukuni. Kasimba akauchomoa mpini wa dekio mlangoni, akaketi chini, akala karanga zake peke yake.

*

"Anaitwa Tunu," Sikudhani akaniambia nilipoingia.

"Nani kaamua?"

"Mimi."

"Ungetushirikisha angalau..."

"Mama. Kaa chini."

Nikakaa chini.

Rais aliondoka amefurahi mno. Wiki iliyofuata aliifanya kanuni yetu kuwa sheria ya nchi. Tangu hapo Bunge halijamaliza kikao hata kimoja, baraza la mawaziri linajadili bado ajenda ya kwanza, na hakuna kodi mpya iliyopita. Hakuna barabara iliyopita pia, kusema kweli, lakini wananchi wanasema hawajaona tofauti. Wagonjwa wa nta waliyeyuka kwenye joto la Machi. Kasimba amehamishiwa Idara ya Kuwahi; siku hizi anafika wa kwanza kila Alhamisi, anapanga mabenchi na kutusihi tuamue jambo, lolote.

Na tumeamua. Alhamisi moja nilichelewa, Tunu alikuwa na mafua, nikafika nikakuta wamesimama kuondoka. Lengo: zahanati ibaki. Muundo: kila Siku ya Shukrani, mtaa uwe na mjamzito wa zamu. Mwaka huu ni mke wa fundi wa mnara. Mwaka ujao ni binti wa Bi Mwantumu, na Bi Mwantumu mwenyewe amesema yuko akiba. Umri umempita, lakini kwa ajili ya nchi atazungumza na mumewe.

"Hodi," nikasema mlangoni.

Wote wakaganda, miguu nusu hewani. Mwalimu Machumu alinitazama kwa hofu, na mkononi mwangu aliona ule mfuko wangu wa kadi za rangi.

"Hamjaniona," nikasema. "Imepita. Na mimi napita tu, namleta mtoto apimwe uzito."

Kadi nimempa Tunu. Anazitafuna, akianza na za waridi.